Anayesahau Hajasahauliwa



Ndugu mmoja wa Dunga, hapa Kisumu, alitujia akiwa na huzuni. Mama yake mzee alikuwa akiamka usiku na kushika njia ya ziwani. Mara mbili wavuvi walimrudisha nyumbani. Ndugu huyo na mkewe walikesha hata nguvu zikawaishia, ndipo wakampeleka katika makao ya wazee. Jamaa wakamwambia, "Umemtupa mama yako." Naye akatuuliza, "Mchungaji, je, nimevunja amri ya tano?"

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Si laana, wala si uchawi. Chembe za ubongo hufa kidogo kidogo. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mgonjwa husahau ya jana, lakini ya ujanani hudumu zaidi. Wengine husahau kwa ajili ya maradhi yanayotibika. Kwa hiyo mzee na aonwe na daktari mapema.

Pili, tujue kwamba kumheshimu mzazi si lazima kulala naye chini ya paa moja. Makao yanaweza kumlinda usiku, lakini hayawezi kuwa mwanawe. Kosa si kumpeleka. Kosa ni kumpeleka na kutorudi.

Basi, tukienda tufanyeje? Siku ya kwanza mama yule alimwuliza mwanawe, "Omena imeanikwa?" Akajibu, "Mama, biashara hiyo uliiacha zamani." Mama akalia. Tukamshauri asimsahihishe, wala asimjaribu kwa kumwuliza, "Mimi ni nani?" Juma lililofuata mama alipouliza tena, mwana alisema, "Mama, nieleze mlivyokuwa mkiianika." Akaeleza kwa furaha, kwa Kijaluo. Kisha wakaimba wimbo wa kanisani aliojifunza akiwa msichana, naye hakukosa neno. Jina la mwanawe hakulitaja, lakini mkono wake hakuuachilia.

Wapendwa, someni Isaya 49:15–16. Nabii asema kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake, ila Mungu hasahau. Juma hili, ni nani katika usharika wako anayengoja mgeni?

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wazee wetu waliosahau, na utupe miguu ya kuwaendea. Amina.