Hesabu Mbili za Seneti

Mpiga kura wa Githongo, Imenti ya Kati, kaunti ya Meru nchini Kenya, hupewa karatasi sita siku ya uchaguzi mkuu. Ya seneta huitia kwenye sanduku lenye kifuniko cha manjano. Matokeo yakitangazwa, vyama huanza kuhesabu nani ameishika Seneti. Hesabu hiyo si moja, ni mbili.

Ya kwanza ni ya 67. Maseneta 47 huchaguliwa, mmoja kila kaunti. Wengine 20 huteuliwa na vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Nafasi za uteuzi hugawanywa kwa kufuata idadi ya viti vya useneta ambavyo chama kimeshinda, kwa hiyo chama kilichovuna kaunti nyingi huongezewa.

Ya pili ni ya 47. Kifungu cha 123 cha Katiba kinasema jambo linalohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe: kaunti moja, kura moja. Seneta mteule aliyejiandikisha kupiga kura Meru yumo katika ujumbe wa Meru na hushauriwa, lakini kwa kawaida anayepiga kura hiyo ni seneta aliyechaguliwa. Hoja hupita ikipata kaunti 24. Hapo wateule wote 20 hawakiongezei chama hata kura moja.

Mwaka 2020 ulizionyesha hesabu zote mbili. Mwezi Mei, Jubilee, chama kilichotawala wakati huo, ilimng'oa Kithure Kindiki, seneta wa jirani zetu Tharaka Nithi, kwenye kiti cha Naibu Spika. Kila seneta alipiga kura yake mwenyewe, na 54 wakaunga mkono. Miezi iliyofuata uongozi uleule ulisukuma fomula mpya ya kugawa fedha za kaunti, ukagonga mwamba mara kwa mara. Kura zilihesabiwa kwa kaunti, na maseneta ambao kaunti zao zingepunjwa waligoma, hata waliokuwa wa Jubilee. Mwafaka ulipatikana Septemba, baada ya fomula kurekebishwa.

Meru yenyewe imeonja kura ya ujumbe, ambayo pia hutumika Seneti ikiamua kama gavana ang'olewe. Gavana Kawira Mwangaza alichaguliwa 2022 bila chama. Desemba mwaka huo kamati ya Seneti ilimwondolea mashtaka ya kumng'oa. Novemba 2023 kikao kizima kikamnusuru. Agosti 2024 kikao kizima kikambandua. Kati ya kura hizo mbili za kikao kizima hapakuwa na uchaguzi mkuu, na mrengo wenye wengi ulikuwa uleule. Wingi wa chama peke yake hauelezi mabadiliko hayo.

Meru imewahi kumtuma Seneti Kiraitu Murungi wa chama cha APK mwaka 2013, Mithika Linturi wa Jubilee 2017 na Kathuri Murungi wa UDA 2022. Mgombea wa 2027 akija Githongo kujinadi kwa rangi za chama, aulizwe swali moja: mgao wa fedha ukifika mezani, chama kikivutia huku na Meru ikivutia kule, kura ya kaunti ataipiga upande gani?