Kufundisha Utoaji wa Takamwili: Figo si Chujio la Chai

Mtoto wa shule ya msingi aulizwapo jinsi mwili unavyotoa taka zake, aghalabu hujibu: "Kwa kwenda choo." Jibu hilo huchanganya mambo mawili, na mwalimu asipolichambua, mtoto huondoka na kosa liwezalo kumdhuru baadaye. Katika makala hii tunakusudia kulieleza kosa hilo na kupendekeza zoezi moja la kulisahihisha.

Kinyesi, kwa sehemu kubwa, ni maji, bakteria na mabaki ya chakula yaliyopita tumboni bila kuingia katika damu. Takamwili ni kitu kingine: ni taka zinazozaliwa ndani ya seli zenyewe zifanyapo kazi. Seli zitumiapo sukari huzaa kabonidayoksaidi, nayo hutolewa na mapafu. Protini zivunjwapo huzaa amonia, ambayo ni sumu kali. Ini huigeuza kuwa yurea, isiyo na ukali huo, na figo huitoa katika mkojo. Ngozi nayo hutoa yurea kidogo, ingawa kazi kuu ya jasho ni kupoza mwili.

Ndiyo maana mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi aweza kuendelea kupata choo huku sumu zikijikusanya katika damu yake. Asiyeijua tofauti hii aweza kujidhania mzima, akachelewa kwenda hospitali.

Wengi wetu hulinganisha figo na chujio la chai. Mfano huo una walakini, kwani chujio hushika makapi na kupitisha kinachofaa. Figo hufanana zaidi na mtu anayesafisha sanduku: hutoa vyote, kisha hurudisha anavyovihitaji. Kila figo ina mirija midogo mno, iitwayo nefroni, ipatayo milioni 1. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja lita zipatazo 180 za maji kutoka katika damu, ilhali mkojo huwa kama lita 1 au 2 tu. Maji mengine yote hurudishwa.

Kwa zoezi letu, mwalimu atayarishe boksi lenye matundu ya upana wa kidole, ndimu 5, punje 180 za mahindi, maharage 20 na vijiti 20 vya kiberiti vilivyokwisha kutumika. Ndimu ni chembe za damu na protini kubwa. Mahindi ni maji, kila punje lita moja. Maharage ni sukari. Vijiti ni yurea.

(a) Wanafunzi watie vitu vyote katika boksi na kulitikisa juu ya meza. Ndimu zitabaki; vingine vitapita, vyenye faida na visivyo na faida.

(b) Warudishe maharage yote, kisha mahindi mpaka zibaki punje 2. Warudishe pia vijiti 10, kwa kuwa sehemu ya yurea hurudi katika damu.

(c) Kilichosalia mezani ndicho mkojo.

Hapo mwalimu aulize: "Kwa nini figo haiokoti vijiti peke yake?" Awape muda wa kujadiliana, kisha awaongoze waone kwamba mwili haulazimiki kuitambua kila sumu ndogo inayoingia katika damu. Unatambua unavyovihitaji na kuvirudisha, visivyorudishwa hutoka.

Ili kupima kama somo limeeleweka, tusiwatake wanafunzi wakariri majina ya viungo. Tuwaulize kwa nini mtu aliyecheza mpira juani bila kunywa maji hupata mkojo mchache wenye rangi iliyokoza. Atakayechukua punje nyingine moja mezani na kuirudisha katika boksi, akisema kuwa maji yamepungua bali vijiti ni vilevile, huyo amelielewa somo.