Barua ya Benki Isiyotoka Benki

Barua ile iliingia baada ya sala ya Isha. Mweka hazina wa chama chetu hapa Kaloleni, Voi, alikuwa ameketi akihesabu michango ya wiki, simu ikalia. Juu ya barua palikuwa na nembo ya benki tunayowekea, rangi zake zile zile, na jina la benki mahali pa mtumaji. Maneno yalisema kwamba akaunti ingefungwa kabla ya alasiri ya kesho yake asipothibitisha maelezo, na chini palikuwa na kitufe cha kubonyeza. Akabonyeza. Ametupa idhini ya kuyasimulia haya, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Ukurasa uliofunguka haukuwa na tofauti na ule wa benki aliouzoea. Aliandika nywila. Punde ikaja meseji ya kweli, kutoka benki yenyewe, yenye tarakimu 6, na ukurasa ule ukamtaka aziandike. Hapo ndipo penye siri ya mtego wote, na wengi wetu hatukupajua. Wakati ule ule mtu mwingine, mahali pengine, alikuwa akiingia katika akaunti kwa nywila aliyoipokea dakika moja kabla, na benki ikataka kuhakikisha kwamba ndiye mwenyewe. Mwenzetu alipoziandika tarakimu zile alimfungulia mwizi mlango wa mwisho. Mwishoni mwa meseji palikuwa na onyo la kutompa mtu yeyote. Nani husoma mwisho wa meseji usiku?

Fedha zilizokwenda zilikuwa za karo. Lakini lililotuuma kuliko fedha ni kwamba alinyamaza siku 2, akamficha hata mumewe. Alipokwenda benki siku ya tatu aliambiwa kwamba fedha zilikwisha kuhamishwa na kutolewa. Lau angalipiga simu usiku ule, huenda sehemu yake ingalizuiwa. Na katika kunyamaza huko lawama yetu haikosekani. Mwaka uliotangulia mwenzetu mwingine alitapeliwa kwa M-Pesa, nasi tukamcheka kikaoni mpaka machozi yakatutoka. Mweka hazina alikuwapo siku ile, akakisikia kicheko chetu.

Baada ya hapo tuliketi na vijana wetu watufundishe. Jina la mtumaji linaloonekana juu ya barua pepe halithibitishi lolote, kwani kila mtu aweza kujiandika atakavyo. Jina hilo likibonyezwa hujitokeza anwani yenyewe, na mara nyingi haihusiani na benki hata kwa herufi moja. Kitufe nacho huandikwa jina moja kikakupeleka kwengine. Zamani tuliwatambua walaghai kwa lugha mbovu. Siku hizi mashine huwaandikia Kiswahili na Kiingereza safi, basi ufasaha usitulaze. Kinachowafichua ni haraka. Benki haimwombi mteja nywila, namba ya siri wala tarakimu za meseji, na mwenye shaka apige namba iliyo nyuma ya kadi yake, au afike tawini asubuhi. Kuwajibu ili kuwatukana hakufai, kwa kuwa jibu huwaonyesha kwamba anwani ina mwenyewe. Iweke barua kwenye taka, uende zako.

Aliyekwisha kuandika nywila asingoje kupambazuke. Aanze kwa kupiga simu benki wamfungie akaunti, kisha abadilishe nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, kwa sababu mwenye kuimiliki hiyo huweza kuzibadilisha zilizobaki. Meseji za utapeli wa M-Pesa hupelekwa namba 333 bila malipo, na Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 tu. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 ilipopitishwa iliuweka mtego huu kuwa kosa, faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Basi kupiga ripoti polisi si kujisumbua bure.

Sisi tuliolelewa na Surat al-Hujurat, inayotuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifuata, tulikuwa tukiielekeza kwa umbeya wa mtaa peke yake. Hatukufikiri kwamba fasiki aweza kuja na nembo ya benki.

Karo tulichanga tena, kidogo kidogo, na mweka hazina tulimwomba abaki na kazi yake. Aliyechekwa mwaka ule tulimwendea nyumbani kumtaka radhi. Jumapili iliyopita mweka hazina alifika kikaoni na barua nyingine, ya benki ambayo hana akaunti nayo. Alitusomea kwa sauti, akalibonyeza jina, sote tukaitazama anwani iliyotokea. Tukacheka, naye akacheka. Kisha akafungua daftari, tukaendelea na michango.