Malindi hadi Nairobi kwa Ndege: Umbali na Saa za Safari

Mara nyingi watu wa Malindi, Watamu na Kilifi huuliza: Je, safari ya ndege kutoka Malindi hadi Nairobi huchukua muda gani? Jibu fupi ni kiasi cha saa moja. Lakini mtu aliyepata habari kwamba nduguye yu mahututi hospitalini Nairobi, jibu hilo halimtoshi. Yafaa ajue saa hiyo moja yatokana na nini, na ni saa ngapi nyingine zilizojificha nyuma yake.

Kwanza tutazame umbali. Asafiriye kwa barabara kuu hushuka kusini hadi Mombasa, kiasi cha kilomita 120, ndipo apande kwenda Nairobi, kilomita 485 hivi. Jumla ni kilomita 605, yaani maili 376. Ndege haizunguki hivyo. Huelekea kaskazini-magharibi juu ya nyika ya Tsavo, na kwa mstari ulionyoka kutoka Malindi hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita 412 hivi, yaani maili 256. Basi karibu theluthi moja ya njia imepungua hata kabla ya kuhesabu mwendo.

Pili ni huo mwendo. Tuseme ndege ya propela yaenda kilomita 500 kwa saa. Ukigawanya 412 kwa 500 utapata dakika 49. Mbona basi ratiba huandika saa moja au zaidi kidogo? Sababu ni kwamba ndege haiendi kwa mwendo huo safari nzima. Kwanza hutembea chini mpaka mahali pa kurukia. Kisha hupanda angani kwa mwendo mdogo zaidi. Na ikikaribia Nairobi, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hupunguza mwendo na pengine kungoja zamu ya kutua. Upepo nao una neno lake, kama wajuavyo manahodha: wa nyuma husukuma, wa mbele huzuia.

Tatu ni saa zilizojificha. Msafiri hutakiwa kufika uwanjani mapema, ili mizigo ipimwe na watu wakaguliwe. Akishatua Nairobi, bado ana kilomita 15 hivi kufika katikati ya mji, na magari husongamana. Kwa hiyo, tangu mlangoni pake hadi kando ya kitanda cha mgonjwa, ahesabu kama saa nne. Hata hivyo basi huchukua saa kumi na zaidi.

Mwisho, jihadhari na saa ya tikiti. Tikiti huhesabu saa tangu usiku wa manane, si tangu alfajiri kama desturi yetu. Basi 7.00 ni saa moja asubuhi, na 13.00 ni saa saba mchana. Kwa safari za mchana, kuanzia 7.00 hadi 18.00, toa sita, nawe utapata saa yetu: 16.30 ni saa kumi na nusu. Asomaye 7.00 akadhani ni saa saba mchana, ataambiwa kuwa ndege iliondoka saa sita zilizopita. Nauli itakuwa imepotea, na mgonjwa angali akimngoja.