Kwa Nini Nanakili Tarakimu za Mgongoni mwa Kasha

Msimamizi wa hifadhidata moja ya kuhifadhi michezo ya kompyuta amenifutia taarifa niliyoiingiza, akidai kwamba mchezo huo ulikwisha kusajiliwa, ilhali msimbopau wa kasha langu na ule wa kasha lililosajiliwa hailingani hata kidogo. Na kwa kuwa shemeji yangu naye amepata kuniuliza, mbele ya wageni, mtu mwenye ndevu anatafuta nini katika vikorokoro vya watoto, nimeona ni wajibu niwajibu wote wawili kwa pamoja.

Asili ya ugomvi ni hii: watu hudhani kuwa msimbopau ni jina la mchezo. Sivyo. Tangu Juni 1974, pakiti ya chingamu za Wrigley's ilipopitishwa kwenye mashine ya duka moja huko Troy, Ohio, kazi ya mistari ile imekuwa kumjulisha muuzaji ni bidhaa gani iliyo mkononi mwake, wala si kilichomo ndani kina hadithi gani. Mchezo mmoja wa PlayStation uliotoka kwa bei kamili, kisha ukarejea Ulaya katika toleo la bei nafuu liitwalo Platinum, aghalabu una namba mbili mbalimbali. Na mwenye kuhifadhi athari za zama zake asipozitofautisha, matoleo mawili hugeuka moja, na la pili hupotea bila ya mtu kulililia.

Basi tarakimu zinakiliwe kama zilivyochapwa, pamoja na nafasi zilizomo baina yake. Kasha la Kimarekani huwa na tarakimu 12, la Ulaya au Japani 13. Na ukiitia sifuri mbele ya zile 12, unapata 13 zilizo sahihi kabisa, ndiyo maana makasha ya Nintendo yauzwayo Ulaya hubeba ile ile 045496 ya Marekani, ila sifuri zimekuwa mbili. Hizo sifuri ndizo zinazoliwa na majedwali ya kompyuta, ambayo huziona hazina thamani. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki: katika zile 13, zidisha 12 za mwanzo kwa 1 na kwa 3 kwa zamu, jumlisha, na kinachopungua kufikia kumi kamili ndicho hicho. Wala usihadaike na kiambishi cha mwanzo, kwani 400 hadi 440 za Ujerumani, 616 ya Kenya na 620 ya Tanzania hutaja jumuiya iliyotoa namba, si kiwanda kilichotengeneza bidhaa.

Amma Wajerumani, ambao naishi nao, wana mambo yao. Sheria yao ya mwaka 2008 iliamuru alama ya umri isipungue milimita za mraba 1,200, chini kushoto, usoni mwa kasha, hata sura ya shujaa ikafunikwa nusu; na kasha likishabadilishwa hivyo, mara nyingi hupewa namba yake mbali. Taifa hili hili, ili likurudishie senti 25 za chupa tupu ya maji, hukutaka uifikishe kwenye mashine ambayo huizungusha taratibu kama kadhi anayechunguza hati ya urithi, ikausoma msimbopau na alama ya amana iliyo kando yake, na karatasi ikiwa imechanika, chupa hurudishwa kwako huku watu wa nyuma yako wakiguna. Jumapili usijisumbue, maana duka limefungwa. Kwetu kreti hurudi dukani na maneno yamekwisha.

Mwanangu mdogo amefanya chupa hizo kuwa biashara. Mpira ukiisha uwanjani huzikusanya, akaziuza, na kwa faida hiyo hununua diski kuukuu kwenye soko la mitumba, zilizobandikwa vibandiko vya bei ambavyo mama yake huvibandua kwa mashine ya kukaushia nywele ili msimbopau halisi uonekane. Dada yake haafiki kuonekana naye barabarani akiwa na mfuko wa chupa, lakini tarakimu ya kuhakiki huikokotoa kichwani kabla mimi sijapata kalamu. Kisha hugombana, ugomvi wote kwa Kijerumani, na kuombana radhi kwa Kiswahili, na hilo, wallahi, linanifurahisha kuliko hifadhidata yoyote.

Taarifa yangu nimeiingiza tena, pamoja na picha ya mgongo wa kasha. Nanyi mlioko Maskati na Dubai, mlio na makasha yaliyoandikwa Kiarabu, msiyagawe kwa watoto wa majirani kabla ya kunakili tarakimu zote, na sifuri ya mwanzo ikiwamo.