Maumivu Yanayobaki Baada ya Jeraha Kupona

Maumivu, japokuwa hakuna ayapendaye, ni hifadhi kubwa kwa mwanadamu, maana ndiyo yauondoayo mkono motoni kabla mwenyewe hajapata wasaa wa kufikiri. Lakini yako mengine, ambayo matabibu huyaita maumivu sugu pindi yadumupo au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3, na ambayo aghalabu huendelea hata jeraha lililoyaanzisha likiisha kupona. Haya hayamhadharishi mtu na hatari yoyote, bali yamekwisha kuwa maradhi yenyewe.

Mtazame mama mwenye maumivu ya kiuno. Kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili, kazi aliyoizoea tangu utotoni, sasa humlazimu kuinuka mara kwa mara akijishika nyonga. Sala huisali kitini. Usiku hugeuka huku na huku hadi alfajiri, na usingizi ukikosekana maumivu ya siku ya pili huzidi makali. Alipopigwa eksirei, picha haikuonyesha dosari, na tangu hapo jamaa wakaanza kunong'ona kwamba hana lolote ila uvivu. Tuhuma hiyo ni dhuluma, tena haina msingi katika ilimu.

Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia ya kwamba ndani ya ugwe wa mgongo mna mfano wa lango, ambalo habari za maumivu hulipitia kabla ya kufika ubongoni. Hisia za mguso huweza kulifinya lango hilo, ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua akapata nafuu. Na ubongo nao hushusha amri za kulifungua au kulifunga, hata hofu na huzuni zikawa na sehemu yake. Mengi katika nadharia hiyo yamerekebishwa, ila asili yake ingalipo. Kisha mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya utafiti wake London kwa panya, alionyesha kwamba baada ya jeraha ugwe wenyewe hubadilika, ukawa mwepesi wa kushtuka, hata jambo dogo ambalo zamani lisingeutikisa likautikisa.

Eksirei huonyesha mifupa. Wepesi huo wa mishipa ya fahamu haiuoni. Wapo, kinyume chake, watu wengi ambao picha zao zina pingili zilizochakaa, nao hawaumwi hata kidogo. Kwa hiyo tabibu mwangalifu, baada ya kuhakikisha kwamba hapana uvimbe, maambukizi wala mvunjiko, humsadiki mgonjwa wake.

Dawa za kawaida za kutuliza maumivu mara nyingi hazifui dafu hapa. Baadhi ya wagonjwa, hususan wenye maumivu ya neva, hupata nafuu kwa amitriptilini, dawa ya sonona inayotolewa kwa kipimo kidogo wakati wa kulala. Kulala kitandani kutwa, ambako majirani hupenda kukushauri, hudhoofisha misuli na kuzidisha adha. Lililo bora ni mwendo, tena wa kuongezwa kidogo kidogo. Mwanzoni mwendo huo huuma, na hapo ndipo maelezo ya tabibu yanapokuwa sehemu ya tiba, kwani mgonjwa aliyefahamishwa kwamba kuumwa huko si dalili ya kujidhuru upya hupungukiwa na hofu, akathubutu kuinama, kutembea na kurejea kazini.