Mutoto mwenye alerji na chakula cha nje

Mama, hapa ku kliniki tunakuambia kila siku: ponda karanga, changanya mu uji, mutoto apate nguvu. Maneno ile ni ya kweli, usiiache. Lakini kuko watoto wachache ambao mwili wao unakatala karanga, ao mayai, ao maziwa, ao samaki. Hiyo njo tunaita alerji. Mutoto hachagui chakula kwa kiburi, na hakuna mutu aliyemuroga. Mwili wake unaona chakula kizuri sawa adui, unaanza kupigana nacho.

Ku nyumba unajua kile unachopika. Hatari inaanza siku munatoka: ku ndoa, ku kilio, ku soko ya Kenya, ao mu safari ya Kasumbalesa wakati wauzaji wanaleta chakula ku dirisha ya motokari. Kule karanga haionekani. Imekuwa unga, imeingia mu kalembula ao mu sombe, na mboga inabakia na rangi yake. Chikanda nayo inadanganya. Wengine wanaizania nyama, wengine wanasema ni mizizi tu ya pori. Mizizi ni kweli, lakini inapikwa pamoja na unga mwingi wa karanga. Mutoto mwenye alerji ya karanga asionje hata kipande.

Usifikiri moto unaondoa ile hatari. Ya kuchemsha, ya kukaanga, ya kusaga, yote ni karanga. Kuondoa mboga juu ya bukari na kijiko hakusaidii, maana kidogo kilichobaki kinatosha. Na mafuta vilevile: kama muuzaji alikaanga samaki asubuhi, kisha akatia mikate mu mafuta ileile, mutoto ambaye samaki inamuzuru atapata taabu ku mukate.

Basi uliza. Usiulize yule anayegawa chakula, maana ku kilio wamama kumi wanapika, kila mumoja anatia kitu chake mu sufuria. Uliza yule aliyepika. Ukisema tu "mutoto hapendi kalanga," watacheka na watamupa. Sema wazi: "Mama, mu hii mboga muko kalanga? Mutoto akikula atafunga pumzi." Akijibu "kidogo tu," mutoto asikule. Akijibu "sijui," asikule vilevile.

Neno linalosumbua wamama wengi ni mama mukwe. Anakuletea sahani, unakatala, anawaza unamuita muloji. Usingoje siku ya karamu. Wewe na bwana yako muende kwake mbele ya siku ile, mumuelezee kwa utulivu, na bwana yako njo aseme, maana mama anasikia mutoto wake. Kisha umupikie mutoto ku nyumba, umubebee mu kibakuli chenye kifuniko. Ndizi ya kumenya na yai la kuchemsha lenye ganda (kama mayai hayamuzuru) haviwezi kufichwa kitu ndani. Umupe sahani yake peke yake. Watoto wetu wanakula pamoja, mukono unatoka mu mboga ya karanga unaingia mu bukari, na wewe uko mbali unaongea na wageni.

Dalili zinafika upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache, mara nyingi mbele ya saa mbili kupita. Mapele na kuwashwa, midomo ao macho kuvimba, kutapika. Kama sauti inakauka, ao anakohoa na kupumua kwa shida, ao analegea, hapo usingoje hata kidogo. Usimutapishe, usimupe maziwa wala mafuta ya mawese. Umulaze, miguu juu kidogo. Kama pumzi ni ngumu, umukalishe. Asitembee, umubebe mupaka ku hospitali. Dawa ya kumuokoa ni adrenalini, sindano ya paja. Siro inatuliza kuwashwa tu, haifungui pumzi. Hata akipata nafuu mu njia, mufike, maana dalili zinaweza kurudi kisha saa kadhaa.

Lakini usimukataze mutoto vyakula vyote juu ya mapele ya siku moja. Watoto wanafika kwetu na kwashiorkor kwa sababu ya katazo kama hiyo. Zamani hata wanganga wa Ulaya walikataza karanga kwa watoto wachanga. Utafiti uliofanyika London, ukatoka mu 2015, watoto 640, ulionyesha kinyume: waliokula mapema, alerji ilikuwa kidogo sana kwao. Ila kama mutoto yuko na ukurutu mukali ao alerji ya mayai, uliza munganga mbele ya kuanza.

Na siku ya kupima kilo, wakikupa Plumpy'Nut juu ya mutoto amekonda, usifungue mbele ya kusema habari yake: ndani muko karanga na unga wa maziwa.